Tochi ya lumeni 90,000 haipo dukani kwako, wala kwangu

Leo nataka tuongee tochi. Najua kuna watu watasema tochi ni kitu kidogo, faida yake elfu tano au elfu saba, ya nini kuandika waraka mrefu hivi. Mimi tochi zilinitoa laki moja na elfu sitini kwa siku moja, na karibu ziniondokee na jina. Kwa hiyo nivumilieni.

Duka langu liko Sengerema. Fremu moja, nauza vifaa vya umeme vidogo vidogo, chaja, redio, balbu, soketi, na tochi. Huku kwetu tochi inatoka. Kuna walinzi, kuna bodaboda, kuna wavuvi wa dagaa, kuna vijana wanaoenda kwenye machimbo upande wa Geita. Mwaka jana mwezi wa tisa nilileta mzigo wa tochi kubwa za kuchaji, zile zenye mwili wa bati nyeusi na kichwa kikubwa. Kwenye boksi imechorwa tochi inapiga mlima wa mbali, halafu maandishi makubwa: lumeni 90,000, mita 1,500, betri 9,900 mAh. Nilinunua 13,000, nikauza 20,000.

Wazee wa sungusungu wa kijiji kimoja hapa jirani walikuja wamechanga hela yao. Wakataka nane. Mimi nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya: nikawasomea boksi. Kwa sauti kabisa, kama nasoma matangazo redioni. Tukaingia stoo gizani, nikaiwasha, wote wakasema "duh!" Biashara ikaisha, wakaondoka na nane.

Wiki ya pili mwenyekiti wao akarudi na mfuko wa salfeti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaweka tochi zote nane juu ya kaunta. Hakufoka. Akaniambia hivi: "Kijana wangu, hizi saa mbili usiku zinawaka kama gari. Saa nne zimekuwa kibatari. Na ng'ombe wanaibiwa saa nane." Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Akasema, "Hii elfu tisini uliipima mwenyewe, au ulisoma tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa hata sijui lumeni ni nini. Nikamrudishia hela yote, 160,000, nikabaki na tochi nane zilizotumika na wateja wengine wawili waliokuwa wamesimama pale wanasikiliza kila kitu.

Sasa hapo ndipo nikaanza kujifundisha. Fizikia kidato cha nne nilipata D, kwa hiyo ninachoeleza hapa mtu yeyote anaweza kukifuata.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, ukiukusanya kila upande. Ndiyo maana balbu nazo zinaandikwa lumeni. Chukua balbu ya LED ya wati 9 ya hapo dukani kwako, soma boksi, utakuta 800 au 900. Hiyo inaangaza sebule nzima. Sasa piga hesabu: 90,000 gawanya kwa 900, unapata balbu mia moja. Boksi linatuambia kwamba ndani ya ile tochi ya kushika mkononi kuna mwanga wa balbu mia moja za sebuleni. Ukizifunga balbu mia kwenye fremu yangu hutaweza kufungua macho.

Halafu angalia umeme. Mwanga hautoki hewani, unatoka kwenye wati. LED nzuri ndani ya tochi inatoa lumeni kama 100 mpaka 150 kwa kila wati moja. Tuipe 100. Lumeni 90,000 zinataka wati 900. Wati 900 mnajua ni nini? Ni pasi. Pasi ya umeme nyingi zimeandikwa wati 1,000. Yaani ile tochi ingekuwa inakula umeme wa pasi, na LED haigeuzi umeme wote kuwa mwanga, sehemu kubwa inabaki kuwa joto. Ungeishika mkononi kwa muda gani? Mimi ile tochi nimeishika nusu saa, imekuwa vuguvugu tu kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Joto lenyewe limeshakwambia ukweli, huhitaji hata maabara.

Na betri ndiyo uongo wa pili, mimi naona ni mbaya kuliko wa kwanza. Betri nyingi za tochi hizi ni ile namba 18650. Namba hiyo maana yake ni upana milimita 18 na urefu milimita 65, basi. Betri za saizi hiyo zilizo bora kabisa duniani, za makampuni makubwa, zinabeba kama 3,500 mAh. Hakuna ya 9,900. Haipo. Ukiona imeandikwa 9,900 au 12,000 kwenye betri ya saizi hiyo, ujue aliyeandika hakupima. Tena nimejifunza kitu cha kuchekesha: mara nyingi betri iliyoandikwa 2,200 inabeba kuliko ya 9,900, kwa sababu anayeandika 2,200 angalau anajua anauza nini.

Huku kwetu tuna bahati moja, wanunuzi wa dhahabu wana mizani ya gramu. Nilienda kwa jirani yangu nikamwomba anipimie. Akacheka, akasema siku hizi unaleta betri badala ya dhahabu? Betri halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi na kuendelea. Yangu ya "9,900" ilisoma gramu 29. Ndani kuna nini? Hewa. Ila tahadhari, zipo zinazojazwa unga au kitu chochote ndani ili ziwe nzito, kwa hiyo betri nyepesi ni mbovu hakika, lakini nzito sio lazima iwe nzima.

Nikanunua kile kidude cha kupima chaji cha USB, ni cha bei ndogo tu, unachomeka katikati ya waya. Betri ikatoa kama 1,200 mAh. Tuzidishe kwa volti 3.7, ni kama wati 4.4 kwa saa moja. Hicho ndicho kilichomo kwenye tenki. Kama kweli ile tochi ingekuwa inatumia wati 900, betri ingeisha kwa sekunde 18. Hujamaliza hata kuvuka barabara.

Lakini ukiitumia kwa akili, wati 4.4 kwa lumeni 100 kila wati inakupa lumeni 440 kwa saa moja. Au 110 kwa masaa manne. Chagua. Hapo nikaelewa kwa nini mzee alisema saa mbili gari, saa nne kibatari. Alikuwa ameipima tochi vizuri kuliko mimi, tena bila kidude.

Kuhusu majina ya LED. Utakuta boksi limeandikwa P70, P90, P160, na kila mwaka namba inapanda. Chanzo cha majina haya ni LED ya kweli, XHP70 ya kampuni ya Cree ya Marekani. Na kwa karatasi za kampuni yenyewe, hiyo XHP70 ikisukumwa mpaka mwisho inatoa lumeni elfu nne na kidogo, kwa umeme wa wati 30 hivi. Kabla yake kulikuwa na XM-L, ile ya "T6" tunayoiona mpaka leo kwenye maboksi, na yenyewe mwisho wake ulikuwa kama lumeni 1,000. Kwa hiyo hata kama kiwanda kimeweka LED halisi, sio kopi, na kimeipa umeme wote inaotaka, bado huwezi kufika elfu tisini kwa LED moja. Huwezi kufika hata elfu tano. Na betri yetu ya gramu 29 haiwezi kutoa wati 30.

Sasa swali ambalo mfanyabiashara anajiuliza: nitajuaje ipi ni nzuri, kama maboksi yote yanadanganya? Wengine wanasema gawanya kwa mia, namba ya kweli inatoka. Nilijaribu. Haifanyi kazi, na nitawaonyesha kwa nini.

Nilinunua tochi moja ya kampuni inayopima vizuri, ndogo tu, imeandikwa lumeni 500. Iliniuma kuinunua kwa sababu bei yake ni ya tochi tatu. Lakini sikuinunua niuze, niliinunua iwe jiwe langu la mizani. Halafu nikapakua kwenye simu programu ya kupima mwanga, zipo za bure. Simu nyingi zina kijicho kidogo pale juu karibu na kamera ya mbele kinachopima mwanga, ndicho kinachopunguza mwanga wa kioo ukiingia ndani. Usiku nikafunga mlango wa stoo, nikazima kila kitu. Tochi nikaisimamisha chini, kichwa kinaangalia dari. Simu nikailaza sakafuni upande wa pili, nikaweka boksi katikati ili mwanga usiifikie moja kwa moja, iupate uliogonga dari tu. Kila tochi inakaa palepale, simu inakaa palepale. Dari yangu ni gypsum nyeupe. Kama dari yako ni mabati, funika shuka jeupe.

Tochi ya lumeni 500 ikasoma 40. Basi kila 40 kwenye simu yangu, kwenye stoo yangu, ni lumeni 500. Kwako itakuwa namba nyingine, haijalishi, unalinganisha tu.

Ya elfu tisini ikasoma 31. Hiyo ni lumeni 390 hivi. Nikasubiri dakika ishirini bila kuizima: 12. Lumeni 150.

Nikachukua nyingine ya boksi la elfu ishirini: 36, yaani 450. Nikachukua moja ndogo, mbaya mbaya kwa sura, boksi limeandikwa 3,000, nilikuwa naiuza kwa kulazimisha: ikasoma 42. Lumeni 525, na baada ya dakika ishirini bado ilikuwa 33.

Rudia kusoma hapo. Ya 90,000 ilikuwa ya mwisho, ya 3,000 ilikuwa ya kwanza. Kwa hiyo sio kwamba namba zimeongezwa sifuri mbili ukizitoa unapata ukweli. Namba hazina uhusiano wowote na kilichomo ndani. Mteja anayelinganisha boksi na boksi akachagua lenye namba kubwa, anaweza kuwa amechagua mbovu kuliko zote, na sisi ndio tuliomsaidia kuchagua.

Kuna jambo lingine ambalo lilinichukua muda kulielewa, nalo ni umbali. Lumeni nyingi sio lazima zipige mbali. Kumbuka lumeni ni mwanga wote. Ukiusambaza, unaangaza ua mzima lakini mita thelathini mbele huoni mtu. Ukiubana kwenye kioo kirefu, lumeni zilezile zinafika mbali, ila pembeni ni giza. Kipimo cha mwanga uliobanwa kinaitwa kandela. Ndiyo maana zile tochi za kuvuta kichwa mbele zinadanganya macho sana dukani: ukivuta, unapata kijidirisha cha mraba ukutani kinachong'aa kweli kweli, mteja anasema hii kali. Mwanga haujaongezeka, umebanwa tu. Na ule mwanga wenye ubluu nao unawafanya wengi waone ni mkali kuliko ulivyo.

Kuna utaratibu wa kupima tochi unaitwa FL1, ulianzia Marekani mwaka 2009, na makampuni yanayojiheshimu yanaufuata. Ukiona kwenye boksi vile vichoro vidogo, kimoja cha mwanga, kimoja cha umbali kwa mita, kimoja cha saa, mara nyingi ndio huo. Kwa utaratibu huo lumeni hazipimwi sekunde ileile ya kuwasha, zinapimwa baada ya sekunde 30, kwa sababu tochi mbovu inang'aa sana ile dakika ya kwanza tu. Umbali unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi, robo moja ya kipimo kinachoitwa laksi. Kwa hiyo boksi la ukweli likisema mita 200, maana yake pale mita 200 unaona kama usiku wa mwezi mpevu. Hutamtambua mtu sura, utaona kuna kitu kinatembea.

Na nisiwape sifa kupita kiasi, hata hao waungwana wanacheza kidogo. Muda wa kuwaka kwa FL1 unahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 1,000 iliyoandikwa "masaa 3" inaweza kuwa ilikaa kwenye 1,000 dakika chache, ikashuka yenyewe ili isiungue, ikamalizia muda wote ikiwa chini. Sio uongo, lakini mteja wa Sengerema akisikia 1,000 masaa matatu anaelewa 1,000 masaa matatu.

Umbali unaweza kuupima mwenyewe, na kwa mlinzi hiki ndicho kipimo cha maana. Usiku, sehemu ya wazi, pima hatua mpaka mita 10. Mtu asimame na tochi, wewe shika simu mita 10 mbele, kijicho kiangalie tochi, mwanga wa katikati ukipige sawasawa. Namba utakayosoma zidisha kwa 100, hizo ndizo kandela. Tafuta kipeuo cha pili, kalkuleta ya simu inafanya, halafu zidisha kwa 2. Mfano tochi yangu moja ilisoma 64. Mara 100 ni 6,400. Kipeuo chake ni 80. Mara mbili, mita 160. Boksi lake lilisema mita 1,500. Ili kufika mita 1,500 ingebidi simu isome zaidi ya 5,600 pale mita 10. Na kumbuka ukitaka umbali mara mbili unahitaji kandela mara nne, sio mara mbili. Ndiyo maana tochi ya kilomita moja haiwezi kuuzwa elfu ishirini.

Simu sio kifaa cha maabara, najua. Simu mbili tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti. Mimi natumia simu ileile moja kila siku, na sitafuti kujua kama ni 390 au 420. Natafuta kujua kama ni 400 au 90,000. Kwa kazi hiyo simu inatosha na chenji inabaki.

Haya, sasa nije kwenye ubishi wenyewe, kwa sababu nikiongea haya na wenzangu najibiwa kitu kimoja: "Mteja anataka namba kubwa, mpe namba kubwa. Wewe ni nani umfundishe?" Rafiki yangu mmoja mwenye duka akaniambia mimi sijaandika boksi, nimelikuta limeandikwa. Nilimuuliza muuza jumla wangu pia. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, ulitaka waandike ngapi? Zamani ilikuwa elfu kumi, mwakani itakuwa laki tatu." Halafu kwa upole kabisa akaniambia nikiagiza katoni nyingi naweza kuchagua mwenyewe namba ya kuchapisha. Nilikaa kimya kwenye simu kama dakika nzima.

Mimi sikubaliani na hoja ya "sijaandika mimi". Angalia lile boksi: halina jina la kiwanda, halina namba ya simu, halina anuani. Aliyeandika hayupo. Mwenye fremu, mwenye leseni, anayejulikana na mtaa, ni wewe. Mteja hakulipa kiwanda, alikulipa wewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sidhani kama utasimama mbele ya mtu wa FCC umwambie muulize boksi. Lakini hata tuache sheria. Mzee wangu hakwenda FCC. Alikuja na salfeti mchana kweupe, watu wakiwa dukani.

Kuhusu kwamba mteja anataka namba kubwa, hapo naona tunamsingizia. Wavuvi wa dagaa wanaishi kwa mwanga, wametoka kwenye karabai wakaja kwenye LED, hakuna mtu anajua taa kama wao. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza lumeni. Wanauliza: inakaa mpaka saa ngapi? Betri yake inabadilishwa? Maji yakiingia? Mlinzi naye anauliza itafika wapi. Namba kubwa tumeifundisha sisi, kwa kuisoma kwa sauti kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujibu hayo maswali.

Kwa hiyo ninachofanya sasa ni hivi. Kila aina ya tochi ikiingia naipima moja. Nakata karatasi ya gundi nyeupe naibandika juu ya ile namba ya boksi, naandika kwa kalamu: lumeni 450 mwanzo, 300 baada ya dakika 20, mita 160, betri 1,800. Za zile nane zilizorudi niliandika ukweli wote pamoja na kwamba zimetumika, nikaziuza 9,000 moja moja. Zikaisha. Waliozinunua wengi walikuwa wa kwenda chooni usiku na kufungua zizi la kuku, na kwa kazi hiyo ni tochi nzuri tu. Sijawahi kurudishiwa hata moja. Mteja akiingia siku hizi namuuliza kwanza unaenda kumulika nini, ndipo nanyoosha mkono kwenye shelfu.

Sitawadanganya kwamba mauzo yamepanda mara tatu, kama tunavyosomaga. Duka la mbele yangu sasa hivi lina tochi za lumeni 200,000, zimepangwa mlangoni, na kuna wateja wanaosoma karatasi yangu ya 450, wanacheka, wanavuka barabara. Nilikuwa nauza tochi kama 30 kwa mwezi kwa faida ya 7,000. Mwezi uliopita nimeuza 19 kwa faida ya 8,000. Piga hesabu, niko chini kwa 58,000, na hiyo ni karibu nusu ya kodi yangu ya fremu ya mwezi. Kidogo kinachorudi ni betri halisi, watu wanakuja kununua betri peke yake baada ya kusikia habari ya gramu. Bado haijaziba pengo. Mke wangu ananiuliza kila mwisho wa mwezi kama nitaendelea na hizi karatasi, na mimi namjibu tusubiri kidogo.

Kwa anayetaka kuanza, usipime duka zima kwa siku moja, utachoka uache. Anza na tochi inayotoka sana na ile inayorudishwa sana. Chaji zote zijae kwanza, usilinganishe iliyojaa na ya nusu. Pima mwanzo na pima baada ya dakika ishirini, hiyo ya pili ndiyo yenye maneno. Usifungue betri wala kuitoboa ili uone ndani, betri hizi zikitobolewa zinawaka moto, mimi nilimzuia fundi wa jirani akiwa ameshashika bisibisi. Na ukienda kwenye chimbo lako kuchukua mzigo, nenda na ile tochi yako ya mizani mfukoni. Wauza jumla wanaanza kuongea bei nyingine wakiona unapima.

Yule mzee wa sungusungu alirudi mwezi huu. Sikumwita, nafikiri alisikia. Akashika tochi ya 28,000 yenye karatasi ya lumeni 520, akanionyesha kidole: "Hii umepima?" Nikamwambia nimepima, nikafungua na daftari nikamwonyesha tarehe. Hakutaka daftari. Akaniambia niiwashe, akaiweka juu ya kaunta ikiwa inawaka, akakaa kwenye benchi nje akaongea na watu kwa zaidi ya nusu saa, mimi nahudumia wateja tochi inamulika dari. Aliporudi akaiangalia, akaipeleka gizani stoo, akatoka.

Alichukua mbili tu. Akasema zikikaa wiki tatu bila shida atakuja kuchukua sita zilizobaki. Wiki ya tatu inaisha Jumamosi hii.